Chaji ya Matanga

Alhamisi, 13 Machi 2025

Land Cruiser ya zahanati imeondoka. Imevutwa kwa kamba kama ng'ombe wa mnada, na mimi niliyeiendesha miaka tisa nikaambiwa nifungue geti! Mahali pake wametuletea gari la umeme. Jeupe, refu, limeinuka juu, magurudumu makubwa. Halina sauti. Unaliwasha na hujui kama limewaka.

Mhandisi aliyelileta anaitwa Paul, kijana wa Nairobi, viatu vyeupe. Anasema chaji moja ni kilomita mia tatu na ishirini. Anasema miaka michache ijayo hakuna atakayenunua dizeli bonde hili lote. Nikamuuliza kama hizo kilomita zilipimwa kwenye matope. Akacheka. Sikuwa natania.

Zahanati yetu haina chumba cha upasuaji. Mama akikwama ni Homa Bay, na kabla ya Homa Bay kuna mto na kuna mlima. Mke wangu Lynnet yuko mwezi wa saba. Mtoto wetu wa kwanza alitolewa kwa kisu, tulifika tumechelewa, hakuishi. Daktari alisema wazi: wa pili asijaribu kuzaliwa huku bondeni. Kwa hiyo gari hili, wengine watazame rangi. Mimi natazama kama litafika.

Jumanne, 25 Machi

Safari ya majaribio. Homa Bay, Rongo, Uriri, mpaka Migori, Paul pembeni yangu. Kwenye lami, tamu! Linateleza tu. Paul ananyoosha kidole: hapa Rongo kutakuwa na kituo cha kuchaji, pale Uriri kingine. Nilipotazama alikoonyesha, niliona mama anauza ndizi.

Migori nilitaka tuendelee mpaka kwetu Ukuria, mamangu alione. Paul akaangalia skrini, akasema turudi. Kumbe alifanya vizuri. Kipande cha mwisho cha matope kilikula chaji kama tulivyokula kutoka Rongo mpaka Homa Bay. Paul akakuna kichwa. Kwenye matope, ati, toa nusu. Ukipanda mlima, toa tena.

Lakini nisiwe mchoyo. Mtoni, maji yalifika mlangoni na likapita. Land Cruiser ingekohoa. Watu wa hapa wameshalipa jina — Nyar Mach, binti wa moto.

Jumapili, 13 Aprili

Baba mkwe ametutoka. Mzee Omanga. Ndiye peke yake ukweni aliyeniita Elkana. Kwa wengine wote mimi ni Jakuria, Mkuria tu, miaka saba sasa.

Lynnet amelia mpaka sauti imekauka. Sista Benta, muuguzi wetu, ameshauri aende leo hii Homa Bay kwa shangazi yake Adhiambo, asubiri uchungu karibu na hospitali. Lynnet akamjibu: baba azikwe mimi nikiwa mjini nakula chapati? Mazishi ni tarehe ishirini na sita. Akishazika, ataenda. Nimebishana, nimenuna, nimeshindwa. Naogopa.

Ijumaa, 25 Aprili

Radi ilipiga transfoma jana. Bonde lote giza. Namshukuru Mungu gari lilikuwa limeshajaa.

Jioni hii maiti imefika, na jenereta ya matanga ikakohoa mara mbili ikafa. Watu wameshajaa. Shemeji yangu Javan akaja kwangu mbele ya wazee wote. "Orwa," akasema — mkwe wetu! — "si gari yako iko na soketi? Mzee alale giza, na mkwe wake ako na stima?"

Najua kilemba cha ukoka nikivishwa. Najua. Lakini wazee walikuwa wananitazama, na mkwe hufika msibani na kitu kinachoonekana, na mimi sikuwa na ng'ombe wa kufika naye. Niandike ukweli: nilijisikia mtu. Nikavuta waya mwenyewe. Taa zikawaka, watu wakapiga kelele, mama mmoja akanipigia vigelegele. Spika zikafuata. Kisha simu — simu za kijiji kizima, zimepangwa mezani kama dagaa juani.

Nimemwambia Javan: saa sita achomoe kila kitu. Ameapa kwa jina la marehemu. Mkwe halali kwa wakwe zake, hivyo nimerudi kulala zahanati kwa miguu. Bado nausikia muziki nikiwa huku.

Jumamosi, 26 Aprili. Asubuhi

Asilimia kumi na moja.

Muziki ulikuwa bado unalia nilipofika! Javan amelala chini ya meza, anakoroma, pombe inamnuka. DJ anasema hakuna aliyemwambia lolote. Ningekuwa na rungu la babu yangu, leo wangezikwa wawili.

Nimelirudisha zahanati, nimeliunganisha na sola. Mbingu nyeusi. Sista Benta amesoma ile namba, akanitazama, akaenda zake. Lynnet hajui kitu. Anapiga pasi gauni la mazishi kwa makaa.

Mchana

Tumezika. Mvua ilianza kabla mchungaji hajamaliza, na wageni wenye magari madogo wakatimua mbio kabla mto haujajaa. Sasa hakuna gari lingine upande huu.

Asilimia kumi na tisa. Sola imenipa nane tu tangu asubuhi. Nimekaa kando ya waya kama mtu anayenyonyesha.

Jioni

Naandika nikiwa mlimani, kiti cha mbele. Mikono haina kazi nyingine.

Nilipomfuata Lynnet kwa gari, alinishika mkono pale pale nyumbani kwa marehemu, akasema, "Baba Gisiri, imeanza." Ananiita hivyo bado, kwa jina la yule ambaye hakuishi. Kisha nikaona damu kwenye gauni. Benta akapanda nyuma naye. Nikaondoa gari. Ningefanya nini kingine?

Mto tulivuka. Maji juu ya magurudumu na Nyar Mach akapita kama malkia! Nikaanza kuamini. Kisha mlima, matope mazito, na namba ikaanza kuanguka kila kona. Saba. Nne. Nilizima feni, nikazima kila kitu. Mbili. Likaanza kutembea mwendo wa mzee. Likasimama. Bila mlio, bila moshi. Dizeli ikiisha hukohoa, inakuaga. Hili limekaa kimya tu.

Lynnet akauliza kutoka nyuma, "Mbona tumesimama?" Nikamwambia. Yote. Taa, spika, simu. Akasema, "Kwa hiyo ndiyo baba hakulala giza." Sijui alimaanisha nini. Sikuthubutu kugeuka.

Tumepiga simu. Gari la mjini linakuja, lakini kuna lori limeanguka kwenye utelezi huko juu, limeziba njia. Nyuma yetu mto. Mpaka walivute lori.

Baadaye kidogo

Benta amenifukuza nyuma. Nisimsumbue, nikae mbele.

Javan amefika na wanaume wengi, wamevuka kwa daraja la miguu. Macho mekundu, wamelowa. Walijaribu kusukuma. Betri yake nzito, gari likateleza likarudi nyuma, Lynnet akapiga kelele ambayo sitaisahau. Benta akawafokea: "Wachaneni na gari! Msiguse!"

Giza linaingia. Benta ameita, "Elkana, washa taa ya ndani, sioni." Nimebonyeza. Nimebonyeza tena. Skrini ilizimika kitambo na taa imeondoka nayo. Simu yake imekufa kwa kupiga piga. Yangu pia. Jana sikuichaji — nilikuwa mkwe, nilikuwa natazamwa.

Nimefungua dirisha nikamwambia Javan: taa. Hakuuliza. Ametoa simu yake, akaiwasha. Mwingine akatoa yake. Mwingine. Sasa wamelizunguka gari kwenye mvua, mikono juu, kila dirisha la nyuma lina mwanga, na kila mmoja amegeuza uso asione ndani. Kuna mwanga mwingi. Mpaka hapa kwenye karatasi unafika.

Javan yuko karibu na mlango wangu. Analia, au ni mvua. Amesema, "Zote zimejaa, orwa. Zitafika asubuhi."

Ndani, Benta anamwita Lynnet kwa jina. Amemwita tena.