Nilipiga Kelele Ukumbini, Kumbe Rafiki Yangu Alikuwa Analia

Manang Epang mpendwa, dada yetu mkubwa wa gazetini, nisaidie, maana nimechoka na siku hizi hata usingizi wa Jumapili mchana unanikimbia, na mke wangu amesema kama sitaki kuongea na padri basi angalau nikuandikie wewe usiyenijua.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tisa, naishi hapa mjini Iloilo, upande wa Jaro, natengeneza miwani, na kwa miaka kumi na miwili nimekuwa na kipindi kidogo redioni kila Jumamosi asubuhi ambamo nazungumzia filamu, hakiniletei kitu cha maana lakini watu wananijua kwa hicho kuliko kwa miwani. Rafiki yangu Nestor, fundi wa majokofu, ndiye ninayekwenda naye sinema tangu wote wawili tulipokuwa na nywele kichwani, tunakaa safu ileile, mimi nakata tiketi na yeye ananunua chicharon, ngozi ya nguruwe ya kukaanga, na tunaitana Pare, mkewe nikimwita Mare, tangu siku niliposimama kanisani kuwa baba wa ubatizo wa binti yake Liezl.

Mwezi uliopita ilitoka sehemu ya pili ya filamu ya Daguob, yule binti muuza samaki anayegeuka kuwa ngurumo. Sehemu ya kwanza ilipotoka miaka saba iliyopita mji mzima ulikwenda, watoto wakavaa shuka mgongoni mwezi mzima, tukaingoja ya pili kama mvua ya Juni, na sasa imekuja imetugawa. Wanaoipenda wanasema hatimaye kuna filamu ya mashujaa inayomheshimu mtazamaji, wasioipenda wanasema ni saa mbili na nusu za kusinzia kwa kulipia, na wateja wananikamata dukani nikiwa nawapima macho, "Manong Jovito, wewe uko upande gani?", hata herufi ya kwanza ukutani hawajaisoma.

Mimi niko upande wa wasioipenda, Manang, na bado niko. Nimetazama mashujaa wengi mno, nimewaona wakianguka na kufufuka hadi sijali tena nani anaokoa mji gani, kwa hiyo niliingia pale tayari nimechoka. Katikati ya filamu Daguob anakufa, na badala ya vita wanatuonyesha baba yake, mzee tu, yuko uani na beseni, anafua joho la binti yake kwa mikono. Anafua, anasuuza, anakamua, anasuuza tena. Muziki hakuna, neno hakuna, dakika nne, nilitazama saa. Watoto wakaanza kuomba kwenda chooni, bibi mmoja nyuma yangu alikuwa anapenga kamasi, na mimi, ambaye watu wananijua kwa mdomo wangu, nikapaza sauti, "Mwongezeeni sabuni jamani!"

Nusu ya ukumbi ikaangua kicheko. Nusu nyingine ikanizomea, na msichana mmoja wa safu ya mbele akageuka akasema, "Manong, kama moyo huna, toka nje!"

"Moyo ninao, mwanangu," nikamjibu, "hapa kinachokosekana ni mashine ya kufulia!"

Wakacheka zaidi. Nikamgeukia Nestor, maana tumezoea kuangaliana kila nikipata mzaha mzuri, nikamkuta amekumbatia mfuko wa chicharon kifuani, macho mbele. "Pare, nakwenda chooni mara moja," akasema, akainuka, hakurudi. Baadaye akaniandikia kwenye simu kwamba mteja amemwita haraka. Nikaamini, au nilitaka kuamini, sijui.

Kesho yake nikafanya lile ambalo linanitesa. Nilijirekodi uani kwangu, nimejifunga taulo mgongoni, nafua taulo jingine huku nimekunja uso kama yule mzee, nikaiweka video hiyo kwenye ukurasa wangu, na kwa siku nne ikatazamwa na watu laki tatu. Wanafunzi wakaiiga, wauza samaki sokoni La Paz nao wakaiiga kwa aproni zao, nikawa nasimamishwa barabarani nipigwe picha.

Siku ya tano Marivic, mke wa Nestor, akaja dukani. Nilidhani amefuata miwani yake iliyokuwa tayari. Walikuwepo wateja wawili. Akasimama kaunta akaniambia, "Pare, unafua vizuri."

"Asante, Mare!" nikasema, na wale wateja wakacheka.

"Nestor naye alifua vizuri," akasema. "Si ulikuwepo?"

Akatoka. Miwani aliiacha.

Manang, nilikuwepo. Liezl alifariki kwa homa ya dengue miaka sita iliyopita, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kesho yake baada ya maziko, Jumapili asubuhi, niliwapelekea mkate nikamkuta Nestor uani anafua sare ya shule, blauzi nyeupe na sketi ya bluu, nikamuuliza, "Pare, ya nini tena hiyo?" akanijibu bila kuinua kichwa, "Kesho Jumatatu." Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nikamtazama akisuuza mara tatu. Nikaondoka, na tangu siku ile jina la mtoto yule sijalitamka mbele ya baba yake. Sasa sielewi niliwezaje kukaa sinema, kitu kilekile kikafanyika mbele yangu kikubwa kama nyumba, nisikumbuke. Wakati mwingine nadhani nilikumbuka, ndiyo maana nikapiga kelele.

Nimempigia simu mara kumi na moja, hapokei. Nimepita karakana yake, akanigeuzia mgongo. Nikiiondoa ile video, watu watauliza kwa nini, na wapenzi wa kipindi watasema nimehongwa na wenye filamu. Nikieleza sababu, nimechukua msiba wa Nestor nikauweka mezani kila mtu autafune. Nikisema filamu ni nzuri nadanganya. Je, niombe radhi redioni? Ningoje mambo yapoe? Au niachane kabisa na mambo ya filamu, maana kwa kweli nimechoka?

Ni mimi, Jovito, Jaro.

*

Jovito ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikatafuta kandambili yangu nikuchape.

Tuimalize filamu kwanza kwa sababu ndiyo nyepesi. Nimeiona. Nilikwenda Jumatano mchana na dada yangu, mimi nikasinzia, yeye akatoka macho mekundu, tukaenda kunywa supu ya batchoy tukabishana hadi bakuli likapoa, na hakuna aliyeumia. Una haki ya kuichukia filamu hiyo hadi siku yako ya mwisho. Kwa hiyo usije ukaenda kwa rafiki yako ukampelekea maoni mapya uliyoyatengeneza jana. Atakunusa kabla hujaketi.

Lakini wewe ulikaa kando ya mtu uliyemjua maisha yako yote, mtu akajikunja kiti cha pili, na ulichotazama ni saa. Hilo ndilo uliloniandikia kurasa nne ukilizunguka. Na baba wa ubatizo hasimami siku moja kwa ajili ya picha, akaketi. Mtoto alipokufa kazi yako haikwisha. Ulimwona baba yake akifua, ukaogopa, nakuelewa, mtu yeyote angeogopa. Ila ukaogopa miaka sita! Kila kitu kikikaribia uani pale unakifukuza kwa mzaha, halafu unaniuliza kwa nini umechoka. Ungeachaje kuchoka?

Sasa sikiliza, na usinijibu "lakini Manang".

Video iondoe leo, kabla hujala. Usieleze. Watu watauliza siku tatu, ya nne watapata kitu kingine cha kucheka, maana wewe si muhimu kiasi hicho. Wakisema umehongwa, waache waseme, ni adhabu ndogo kuliko unayostahili.

Redioni usitamke neno. Radhi inayoombwa mbele ya watu laki tatu inamlazimisha mtu mmoja aikubali, na Nestor hajakuomba umpandishe jukwaani.

Acha kupiga simu. Hizo simu kumi na moja ulikuwa unatuliza roho yako. Nenda kwa miguu yako, mchana kweupe, mpelekee Marivic miwani yake, na ukimkuta Nestor mwambie: "Nilikuwepo siku ile, na nilikusahau. Nisamehe." Basi. Usiseme ulikuwa utani. Usiseme hukujua. Akikufungia mlango, rudi wiki inayofuata, na inayofuata tena, na usijipongeze kwa kurudi. Akikufungulia, mtaje mtoto kwa jina lake, kisha ufunge huo mdomo uliokupa umaarufu na umsikilize baba yake.

Kuhusu kuacha filamu, utaamua mwenyewe baadaye. Usiifanye hiyo kuwa toba. Ni njia nyingine tu ya kukaa nyumbani.

Manang Epang

*

Wasomaji wangu, jibu hilo nililituma kwa posta kwa sababu halikuwa la kungoja zamu yake gazetini. Majina ya watu hawa nimeyabadilisha. Wiki iliyopita Jovito ameandika tena, naye na rafiki yake wamekubali niyachapishe haya.

"Manang, nilikwenda Jumamosi baada ya kipindi. Marivic alifungua, akachukua miwani, akaivaa palepale mlangoni akaniangalia muda mrefu hadi nikatamani ningemtengenezea lenzi mbaya. Akasema, 'Yuko nyuma.'

"Nestor alikuwa ameinama kwenye jokofu kubwa la mchinjaji. Nikasema yale maneno uliyonipa, nikayarudia. Hakugeuka. Alifungua skrubu mbili nzima, kisha akasema, 'Shika mlango hapa, usije ukaniangukia.' Nikashika. Mzito, Manang, nami sikuthubutu kuuliza kama amemaliza.

"Nilishika labda nusu saa. Nikasema, 'Liezl angekuwa na miaka kumi na saba sasa.' Halafu akaniambia ile blauzi haikuwahi kukauka, mvua ilinyesha mchana ule, akaianua ikiwa mbichi, na siku hiyo ya Jumatatu akaipiga pasi hivyohivyo. Akaniambia pia kwamba mtoto alikuwa akinichukia kidogo kwa sababu kila mara nilimsimulia mwisho wa filamu kabla hajaiona. Hilo sikulijua. Tulizungumza hadi Marivic akatuletea wali.

"Basi mimi kwa upumbavu wangu, huku nimesahau uliyonikataza, nikamwambia, 'Pare, ukitaka, Jumamosi nitasema redioni kwamba filamu ile ni nzuri.'

"Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. 'Nzuri? Ile filamu mbovu, Pare. Yule jitu anayepigana na Daguob, ndevu zake zimebadilika rangi mara tatu, wewe hukuona? Mimi nililia tu.'

"Nikatamani kucheka nikashindwa, na yeye hakucheka. Sinema bado hajataka twende, anasema tusubiri. Video niliiondoa siku ileile niliyopokea barua yako, watu waliuliza siku mbili tu. Mikono bado inaniuma. Amesema Jumamosi ijayo kuna jokofu jingine, la hoteli, na kwamba nije nimeshiba."

Nenda, Jovito. Na ushibe kweli.