Nywele za Kuzaliwa za Urbano

Mwimbi, Kalambo,
9 Julai 2025.

Mpendwa dada Cornelia,

Shikamoo dada. Habari za Tanga na joto lake? Mguu umepona? Sisi tupo, tunasukuma siku. Huku baridi imekaza, hakuna anayetaka kubanduka jikoni, na ulezi ndiyo kwanza tumeuingiza ndani.

Nimechoka, dada. Shemeji yako Theodory ameacha machimbo ya dhahabu. Mikono inamtetemeka, chai inamwagika kabla haijafika mdomoni, na usiku halali. Ukoo wao ukaamua karogwa. Wakamtaja shangazi yao, yule mama wa watu asiye na meno wala ubaya.

Mwezi uliopita wakaja wataalamu wa afya kupima sumu ya zebaki, ile ya kukamatia dhahabu. Walitaka mkojo na nywele kidogo za kisogoni. Nywele! Unatujua: ukinyolewa unazifukia mwenyewe, asije mtu akaziokota. Theodory akawaka: "Mimi narogwa, halafu niwape na nywele? Mnanitakia mema kweli?"

Basi nikakaa mimi kwanza, nikakatwa, na mkojo nikatoa, ili aone hakuna lolote. Sikuwa na shida ya kupimwa, nilikuwa namvuta mume tu. Akalainika, naye akakaa.

Majibu yametoka juzi. Zebaki yake iko juu, na shangazi amepumzika na maneno ya watu. Laiti yangeishia hapo! Yangu nayo iko juu. Nesi Violeth akaniuliza dhahabu tulikuwa tunachomea wapi. Nikamwambia jikoni, kwenye moto uleule wa ugali. Theodory alikuwa akirudi na bonge lake la dhahabu na zebaki, analichomea humo asiibiwe, mlango umefungwa kwa baridi, mimi nimekaa pembeni namnyonyesha Urbano. Nesi akasema nimlete na mtoto. Hata hasira sikuipata, dada, nilichoka tu.

Kesho tunampeleka Sumbawanga. Watakata zile nywele zake za kuzaliwa, ambazo wembe haujazigusa bado. Mama mkwe amenuna, hasemi na mtu. Mimi naogopa sana.

Msalimie shemeji Vicent na Herieth wangu. Bikira Maria awafunike wote kwa vazi lake.

Tangu Urbano azaliwe, kila anayemwona husema mtoto kachukua kila kitu kwa mama yake. Niombee, dada, hili asiwe kalichukua.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Adela