Shibiri Moja Katikati ya Mto

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nimeshindwa kukuandikia bila salamu. Ungesema shule imeniharibu.

Mama amevuka mto. Nilitaka nianze na mengine, lakini habari ndiyo hiyo. Tangu tukuzike, misimu miwili ya mvua ilipita hajakanyaga kwao ng'ambo. Dada yake aliumwa, akatutuma sisi na unga na maharage. Kila nilipomwambia twende, alijibu, "Nani atanishika mkono pale kwenye ngazi?"

Unapakumbuka pale. Bibi aliolewa kwa kuvuka daraja la mianzi na kamba za porini, na mpaka anakufa alijisifu kwamba alivuka amefumba macho. Maji yakalibeba. Ndipo mkalaza magogo ya milingoti: wewe na watu wa huku nusu yenu, mjomba na watu wake nusu yao, mkutane kwenye mwamba wa katikati. Wewe ulipima kutoka kwenye maji, yeye akapima kutoka ukingoni. Mlipokutana, upande wao ulikuwa juu kwa shibiri nzima. Ukasema washushe. Mjomba akasema upandishe. Kila mwaka mlibadilisha magogo yaliyooza, na kila mwaka mkairudisha ngazi ile ile, wabishi wakubwa nyie. Sisi watoto tulijifunza kuinua mguu pale hata tukiwa na gunia la kahawa kichwani. Mama ulimshika mkono wewe, kila mara, hata siku mlizonuniana.

Siku hizi kahawa hainunuliwi na chama cha ushirika peke yake. Wamekuja wanunuzi binafsi, na malori yao yanataka kufika hadi ng'ambo. Dereva wa kwanza alishuka, akayatazama magogo yako, akapanda tena, akarudi kinyumenyume mpaka mlimani. Nilicheka, halafu nikaumia kwa ajili yako. Basi tumejenga daraja la zege. Halmashauri ilileta saruji na fundi, mnunuzi mmoja akatoa nondo, sisi tukasomba mawe na mchanga, pande zote mbili. Fundi alivuta uzi mmoja, ukingo hadi ukingo. Mjomba aliutazama ule uzi asubuhi nzima. Mwisho akasema, "Shemeji angekuwepo angeukata," akageuka kufuta macho. Lakini bado anashikilia kwamba uliyekosea ni wewe.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mama alijifunga kitenge kipya, akaniambia nikae nyuma yake na nisimguse. Daraja limenyooka, Baba, hata maji ukimwaga hayajui yaende wapi. Alipofika katikati akasimama. Akanyoosha mkono wa kushoto pembeni, ambako hapakuwa na mtu. Akainua mguu juu, akapanda, akaendelea.

Hakuna aliyecheka. Mjomba alikuwa ng'ambo anamsubiri, akavua kofia. Nami nilipofika pale niliinua mguu.

Alikaa na dada yake mpaka ugali ukapoa, wakisengenya watu waliokufa zamani. Nina furaha, Baba. Sikutegemea kukuandikia hivyo mapema hivi.

Lala salama. Nakuahidi nitamsindikiza kila atakapovuka, nitambebea kikapu na mwavuli. Ila mkono ule wa kushoto sitaushika. Ni wako.

Mwanao,
Yustina