Mikono ya Numbi Haikuwa ya Bure

Ijumaa, mwezi wa saba. Baridi kavu, vumbi hadi kwenye sahani. Nyonga inauma, lakini hasira inanipa joto.

Tangu lori la mahindi kutoka Kasomeno linigonge na kunivunja nyonga hapa Kampemba, sijajiosha mwenyewe. Ninaishi kwa mwanangu, naye yuko mgodini wiki nzima. Kwetu mke wa mwana hamwoshi baba mkwe. Hata shuka langu haligusi. Ndiyo maana dada yangu mdogo Numbi aliacha meza yake ya samaki wakavu katika soko la mtaa wa Kenya, akahamia hapa. Ananigeuza, ananiosha, ananishika niende chooni. Meza yake sasa ina mwanamke mwingine.

Asubuhi alikuja kijana wa bima ya lile lori na karatasi ya mapatano. Dawa watalipa, na mfupa watalipa. Kuhusu Numbi, hakuna neno.

Nilipouliza sababu, alisema kwamba nyumbani mna mkwe wa kunitunza. Kijana mwenyewe ni mzaliwa wa hapa, mwiko huo anaujua; aliinamisha macho kabla sijamjibu. Akabadili njia.

"Papa, mama ule ni dada yako. Dada banamulipaka?"

Nikamwuliza kama wangemlipa muuguzi wa kukodiwa. Akakubali kwamba wangemlipa, mradi alete stakabadhi.

Kumbe anayenijua tangu utotoni ndiye wa bure.

"Maji ya moto yako juu ya makaa kwenye mbabula, mwanangu," nikamwambia. "Nioshe bure leo, kisha nitatia sahihi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akakunja karatasi yake, akasema atarudi Jumatatu pamoja na mkubwa wake.

Numbi alisikia yote kutoka uani, na aliyemkasirikia ni mimi, kaka yake.

"Yaya, bantu batasema niko nauzisha maji ya kukunawisha."

Waseme.

Nakiri kwamba maneno yake yalinichoma. Nami nililelewa hivyo: ndugu hushukuriwa, halipwi. Lakini anayedaiwa si mimi, wala si ukoo wetu. Ni mwenye lori. Siku aliyonivunja mfupa, alimvunjia Numbi soko.

Numbi bado amenikasirikia. Bukari, ugali wetu, ameleta hata hivyo, nami nimekula.

Jumatatu nitavaa koti, nitaketi wima kadiri nyonga itakavyoniruhusu. Karatasi isiyo na jina la Numbi haitapata langu.