Maji ya Achari

Nasra mjukuu wangu,

Waalaikumu salaam. Sisi hapa Likoni wazima, babu yako yungali na kikohozi chake na ubishi wake. Lakini wewe, wallahi, umenichosha! Hii mara ya tatu waniuliza maji hupitaje kwenye utando wa seli na hauna mlango. Kwani mwalimu wako kazi yake nini?

Haya, sikiliza. Nilipoolewa, mavyaa, mamake babu yako, alinipa maembe mabichi nitengeneze achari. Nikayakata, nikayafuta vizuri kwa kitambaa, nikayatia chumvi, nikaenda kuoga. Kurudi, bakuli lina maji tele! Nikamrukia wifi yangu Mwanakombo: "Umenitilia maji makusudi niaibike!" Akaapa, akalia. Sikumsikia.

Mavyaa alikata embe jingine, akalitia chumvi, akatuketisha sote wawili tulitazame. Hakuligusa mtu. Maji yakatoka ndani ya embe lenyewe.

Seli za embe zina utando unaopitisha maji na kuzuia vingine vingi. Chumvi ikizidi nje kuliko ndani, maji hutoka. Hayangoji mlango wala kumwagwa na mtu. Umeelewa sasa?

Mimi nilielewa siku ile ile. Kuomba radhi ndiko kulikonishinda, mpaka leo. Jana Mwanakombo kaja na mkongojo wake, nikampakulia achari. Akaonja, akanitazama.

"Na haya maji," akauliza, "leo kayatia nani?"

Ni mimi bibi yako, ambaye hadi sasa sijamjibu.