Kioo Chako Kimerudi Mahali Pake

Nyumbani,
Jumamosi, 12 Juni

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuacha, au bado mnalala kitanda kimoja? Sisi tu wazima, ila naandika haraka, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Nianze na kosa langu. Nilikitoa kioo kikuu cha darubini yako bila ruhusa. Kilikuwa kimeota ukungu, na juzi Baba, ambaye Alhamisi ijayo anapasuliwa jicho, alisema ghafla mezani, "Hebu nikione hicho kioo alichokuwa anakisugua mwaka mzima." Tangu mlipoachana kwa maneno makali, miaka sita sasa, hakuwahi kukutaja.

Kukiosha hakukunisumbua. Kukirudisha ndiko kulikonitoa jasho. Kioo ulichokichonga kwa mkono hakiuzwi dukani, na kama kingevunjika, niliona na ninyi wawili ndiyo basi tena.

Bisibisi aliishika shemeji yako. Unamjua huyu mume wangu fundi baiskeli, kwake kilicholegea ni kibovu. Alivikaza vile vibanio vitatu vya pembeni mpaka kioo kikalia tik!

"Legeza! Legeza, utaniua!"

"Mbona nimekaza kidogo tu!"

Nilipapasa ukingo wote kwa kidole, roho mkononi. Hakikupasuka. Tukalegeza mpaka karatasi ikapita chini ya kila kibanio, kisha tukakiingiza pamoja na kitako chake kwenye bomba la darubini, tulilokuwa tumelilaza juu ya godoro.

Ikabaki kukiweka sawa na kile kioo kidogo cha juu. Mimi jicho kwenye tundu, yeye nyuma kwenye skrubu. Ile nukta uliyoibandika katikati ya kioo kikuu ilionekana imekaa pembeni kabisa. Nikisema kulia, inakwenda kushoto. Nikisema polepole, anazungusha kama anafunga gurudumu la lori. Nusura nifungashe nirudi kwetu, ila kwetu ndiko tulikokuwa.

Saa kumi na nusu jioni nukta ikakaa katikati. Tukaitoa darubini uani, tukaielekeza kwenye mwezi uliokuwa mweupe juu ya paa la jirani. Baba akainama kwenye tundu. Kila ulipotoka kwenye duara alinipungia mkono nimsogezee, mara nne nzima. Alipoinuka alifuta uso, akasema ni jicho bovu linatoa machozi. Nililia mimi pia, na macho yangu ni mazima.

Mama anakusalimu sana. Shemeji yako anakusalimu na kukuomba radhi kwa ile tik. Baba anasema Alhamisi anaingia kwa daktari saa nne asubuhi, na namba yake ya simu ni ileile.

Mungu akutunze, Kaka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Chiriku