Unga Mweusi Ndani ya Tairi

Jumatatu, 3 Februari

Asubuhi pancha za boda tu. Saa tisa Celestino, dereva, akaniletea hapa kibandani kwangu mtaa wa Hai Jalaba gari jekundu la bosi wake — gari la mbio, tairi pana, ubavu mfupi kama vidole vitatu. Msumari katikati ya tairi la nyuma. Msumari pale si kazi. Lakini nilipolitoa kwenye rimu, ndani kumejaa unga mweusi.

Nikamuuliza ameliendesha bila upepo kutoka wapi. Karibu tu, akasema. Nikamwonyesha unga kwenye kidole. Akakubali: kutoka New Site, nyumbani kwa bosi, mpaka hapa. Aliona haya kusimama barabarani na gari kama lile.

Nikamweleza: ubavu umejisaga kwa ndani. Kiraka kitashika upepo, lakini kwenye mwendo wa kasi na joto hili tairi litapasuka. Ni la kutupa.

Akakaa juu ya ndoo yangu.

“Dada Namutebi, bosi akijua ni mimi, kalas, imekwisha. Sina kazi.”

Mkewe, Lilly, ana mimba ya miezi minane. Akaapa ataliendesha mjini tu, polepole, mpaka amwambie bosi mwenyewe.

Nikaziba. Tena nikaziba vizuri — hilo ndilo linaloniudhi.

Jumanne, 4 Februari

Nimevunja kikombe. Nimempigia Celestino mara mbili. Anasema upepo haujashuka hata kidogo. Kwani nilimuuliza upepo? Nilimuuliza kama amemwambia bosi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepita New Site, eti natafuta mkaa. Gari liko nje ya geti. Nikapapasa ubavu — kuna uvimbe. Mdogo, lakini upo.

Celestino akaja mbio, akanivuta kando. Hajasema. Na mambo yamebadilika: Jumamosi bosi, Mzee Ater, anaenda Nimule, mpakani. Ataendesha mwenyewe, na watoto wake wawili nyuma. Kwenye ile lami anapenda kukimbiza gari.

Nikamwambia aseme leo. Akasema kesho.

Ijumaa, 7 Februari

Simu yake imezimwa.

Romano, fundi mwenzangu, anasema mimi niliziba pancha, sikuuza tairi. Ya barabarani hayanihusu. Labda. Nimefunga kazi saa nane, saa tisa nimefungua tena. Siwezi kutulia. Nimefungua tairi la bajaji ambalo halikuwa na shida.

Nikisema, Celestino anafukuzwa. Na mimi jina langu limekwisha — fundi aliyejua akaziba. Nani ataniletea tairi? Nikinyamaza —

Jumamosi, 8 Februari

Saa moja kasoro asubuhi. Naandika kwenye benchi la mlinzi, ndani ya geti la Mzee Ater. Bila kuandika nitakimbia.

Loro, mlinzi, alinifungulia niliposema nimekuja kuangalia upepo. Mizigo ilikuwa imeshapakiwa. Watoto wameshaingia, wanagombania dirisha. Celestino alikuwa anafuta kioo. Nikamuuliza kama amesema. Akaendelea kufuta pale pale.

Nikapiga magoti kwenye tairi la nyuma. Nikafungua kifuniko, nikachomoa kile kisindano cha ndani ya valvu. Upepo ukatoka kwa kelele, uani kote ukasikika. Gari likakaa chini upande mmoja.

Celestino hakunizuia. Alisema taratibu tu, “Umeniua, dada.”

Halafu akafungua mlango wa nyuma, akawashusha watoto, mmoja mmoja, akawapeleka kivulini.

Loro ameingia ndani kumwita Mzee. Mzee anauliza kwa sauti, nani amegusa gari lake. Sauti yake sikuwahi kuisikia, sasa naijua. Kisindano kiko kwenye kiganja changu, nimekibana mpaka kinauma. Celestino amerudi. Amesimama mbele yangu, mgongo wake kwangu, uso mlangoni. Viatu vya Mzee vinashuka ngazi.

Celestino anasema, “Mzee, huyu mama hana kosa. Mimi Jumatatu —”